UZI: Juliasi Kaizari kavalishwa suti, sare za kifashisti na nguo za gereza, ila mimi macho yangu yako kwa umati

mwana_jukwaa (mleta uzi)

Wakuu salama? Uzi huu ni mrefu, asiye na bando apite taratibu.

Kila mwaka nakutana na malalamiko yale yale, eti siku hizi wanaharibu tamthilia za kale, mara Shakespeare kavalishwa suti, mara wanawake wanacheza nafasi za wanaume, mara sura ya Trump iko stejini. Mi nachukua tamthilia moja tu, Juliasi Kaizari, ile ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, niwaonyeshe madairekta walivyoigeuza kwa zaidi ya miaka 80. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: watu wanahangaika sana na Kaizari kavaa nini wakati onyesho linasimama au linaanguka kwa wananchi. Ule umati. Dairekta akishajua umati wake ni kina nani na amewaweka wapi, hata Kaizari akitoka na kandambili mambo yataenda.

Kwa ambao hawajaisoma. Kaizari karudi Roma mshindi, watu wanamshangilia, taji analetewa mara tatu na mara tatu analikataa (kila mara kwa shingo upande zaidi). Wakubwa wenzake wanaogopa, Cassius anamvuta Brutus, mtu mwadilifu na rafiki wa Kaizari kabisa, wanamuua kwa visu. Brutus anapanda kuwaeleza wananchi sababu, wananchi wanaelewa, wanapiga makofi, mmoja anataka Brutus ndo awe Kaizari, yaani hajaelewa hata neno moja. Halafu Brutus anafanya kosa la karne, anamwachia Antony, rafiki wa Kaizari, maiki na kuondoka. Antony anaongea, anaonyesha nguo yenye matobo ya visu, anasoma wosia kwamba kila raia kaachiwa drakma 75 na bustani za kando ya mto Tiber, na muda si mrefu mji unawaka moto.

Sasa angalieni, Kaizari anakufa katikati ya mchezo. Mistari yake ni michache kuliko ya Brutus, ya Cassius na hata ya Antony. Ukijenga onyesho lako lote juu ya sura yake, nusu ya pili unabaki na nini?

Na kuna sini moja (kipande cha mchezo) naomba muiweke kichwani. Baada ya mazishi umati unakutana njiani na jamaa anaitwa Cinna, mshairi, anaenda msibani zake. Jina lake limefanana na la mmoja wa wauaji. Anawaambia jamani mi ni Cinna mshairi siyo yule mwingine, wanamjibu basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Na wanamrarua kweli. Sini haifiki hata mistari 40, na kwa miaka mingi sana ilikuwa inakatwa, nadhani kwa sababu iliwachafulia ule utukufu wa Kirumi.

Twende New York, Novemba 1937. Orson Welles ana miaka 22, kafungua kampuni yake Mercury Theatre, hela ya maana hakuna. Anaichukua tamthilia anaikatakata mpaka inabaki kama saa moja na nusu bila mapumziko, vita vya mwisho karibu vyote nje. Nguzo za Kirumi hakuna, mashuka ya mabegani hakuna, ni ukuta wa matofali wa nyuma ya steji umepakwa rangi nyekundu iliyokolea, majukwaa ya mbao, na taa zimewekwa chini sakafuni zinapiga wima kwenda juu kama zile za mikutano ya Wanazi kule Nuremberg. Kaizari na watu wake wako kwenye sare za kijeshi za kijani. Mussolini yupo madarakani zaidi ya miaka 15, Hitler tangu 1933, mtazamaji wa New York hahitaji mkalimani. Welles mwenyewe ndo Brutus, ndani ya suti ya kiraia, msomi mwenye nia safi ambaye hajui anacheza na nini.

Na katikati ya sare zote hizo, sini iliyobeba onyesho ikawa ya Cinna. Aliicheza kijana anaitwa Norman Lloyd, akamfanya Cinna mtu wa kuchekesha kidogo, mifukoni ana vikaratasi vya mashairi, anadhani hawa ndugu wanataka kusoma kazi zake, anawagawia. Wao wanatokea gizani mmoja mmoja, duara linabana, anaendelea kujieleza mpaka anamezwa. Sini iliyokuwa ikitupwa ndo ikawa inazungumzwa mpaka leo. Mnaona? Sare za kifashisti ni pambo. Kilichowaambia watu ufashisti ni nini ni wale wananchi wa kawaida wenye makoti na kofia, waliokuwa wanalia msibani dakika mbili zilizopita.

(Pembeni tu: Aprili 1938 Welles alimchoma kweli mwenzake aliyecheza Kaizari, maana alikuwa anatumia kisu halisi. Jamaa akalazwa hospitali. Uhalisia una mipaka yake wandugu.)

Naendelea chini.

mpigadebe

Nimekaa siti ya mbele, konda usinishushe

mzalendo_halisi

Mkuu uzi mzuri ila mi sikubaliani toka mwanzo. Kwa nini wasiigize ilivyoandikwa tu? Mwandishi kaandika Roma, Kaizari ni Mrumi, aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, mvalishe shuka lake la Kirumi mpe kisu mambo yaishe. Hizi suti ni uvivu, na wengine hawana hela ya mavazi wanasingizia ubunifu.

mwana_jukwaa

@mzalendo_halisi hilo la hela kwa Welles ulilenga, sikatai. Ila "ilivyoandikwa" ni ipi ndugu yangu? Ndani ya tamthilia yenyewe, usiku wale jamaa wanapanga njama kwa Brutus, saa inagonga na Cassius anahesabu imegonga mara tatu. Saa ya kugonga Roma ya Kaizari ilitoka wapi? Wanaokuja usiku huo wamevuta kofia mpaka masikioni. Kaizari anapoonyesha koo lake kwa umati anafungua koti la Kiingereza la zama za Shakespeare. Mswisi mmoja, Thomas Platter, aliiona London tarehe 21 Septemba 1599, akaandika kuwa waigizaji walikuwa kama 15 na mwisho wakacheza dansi. Kaizari kafa, Brutus kafa, kisha dansi! Na waigizaji wa wakati ule walipanda stejini na nguo za kwao Waingereza, labda na kitambaa cha Kirumi juu kidogo.

Hayo mashuka unayoyadai yalikuja kushika kasi baadaye sana, kama lile onyesho la John Philip Kemble pale Covent Garden 1812, lenye nguzo kubwa na kila mtu amesimama kama sanamu ya makumbusho. Kwa hiyo anayewavalisha nguo za leo ndo yuko karibu na Shakespeare.

ticha_wa_lugha

Naongezea hapo kwa mleta uzi maana umeruka kitu kinachokubeba. Kabla ya Welles kulikuwa na kampuni ya Wajerumani, ya mtawala wa Saxe-Meiningen, walikwenda London 1881 na Juliasi Kaizari hii hii. Mavazi yao yalikuwa ya Kirumi haswa, yamefanyiwa utafiti mpaka kero, lakini kilichowashangaza Waingereza ni umati. Zamani umati ilikuwa unakodi watu wa mtaani unawaambia pigeni kelele, basi. Hawa waligawa umati vikundi vidogo vidogo na kila kikundi kina mwigizaji mzoefu anayekiongoza, kila mtu ana maisha yake, huyu anasikiliza, huyu ana wasiwasi, yule keshakasirika. Kwa hiyo hotuba ya Antony ukawa unaiona inavyotembea kutoka uso mmoja kwenda mwingine. Waigizaji wa nafasi kubwa walikuwa wa kawaida tu kwa waliosimulia. Mzalendo umepata mashuka yako na mwana_jukwaa kapata umati wake, sasa mnabishana nini

mwana_jukwaa

Ticha umenimaliza, hiyo inaingia kwenye hoja yangu moja kwa moja.

Sasa 2012. Mwaka huo sijui ilikuwaje, kila mtu aliikumbuka Juliasi Kaizari kwa wakati mmoja. Naanza na ile inayotuhusu. Royal Shakespeare Company, ile kampuni ya Stratford Uingereza, dairekta Gregory Doran, waigizaji wote weusi, nchi ya Kiafrika isiyo na jina, zama hizi. Paterson Joseph ndo Brutus, Jeffery Kissoon Kaizari, Cyril Nri Cassius, Ray Fearon Antony. Nyuma ya steji kuna sanamu kubwa la kiongozi limetupa mgongo, mtazamaji anaona mgongo tu. Mwanzoni watu wanaingia kabla mchezo haujaanza, ni ngoma na shangwe, sikukuu ya kweli kweli, wewe unakaa kwenye kiti chako tayari mguu unacheza.

Wazo hili Doran hakulitoa hewani. John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini, alimwambia kwamba hii ndo tamthilia ya Kiafrika ya Shakespeare. Na kuna ile nakala ya kisiwa cha Robben, kitabu cha Shakespeare alichokiingiza mfungwa mmoja na kukifunika kwa picha za kadi za Diwali ili askari wadhani ni maandiko ya Kihindu, kikazunguka kwa wafungwa kila mtu anaweka sahihi pembeni mwa kifungu anachokipenda. Mandela tarehe 16 Desemba 1977 alisaini kwenye Juliasi Kaizari, pale Kaizari anaposema waoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chao.

Fikirieni hapo. Mfungwa wa dola katumia maneno ya Kaizari, siyo ya Brutus! Tamthilia inaruhusu hilo, ndo maana haiishi.

Onyesho hili BBC waliligeuza filamu pia, mi niliiona hiyo. Ray Fearon akianza hotuba ya mazishi unaona kabisa mtu anayepima upepo, sentensi hii imeingia, ngoja niongeze nyingine.

shangazi_wa_tanga

Mwanangu mwana_jukwaa nakusoma kwa heshima ila hapo kwa Doran nina neno. Mimi hiyo filamu nimeitazama na waigizaji wake nawavulia kofia, huyo Paterson Joseph ana macho ya mtu asiyelala. Lakini ile "nchi ya Kiafrika isiyo na jina" ndo inanichefua. Ikitakiwa dikteta basi Afrika, ikitakiwa mganga mwenye chaki mwilini anayetabiri basi Afrika, na lafudhi ya nchi ambayo kwenye ramani huioni. Mzungu wa Stratford ametuchanganya wote kwenye sufuria moja. Ingekuwa Togo sema Togo, ingekuwa Uganda ya Amin sema Uganda, hapo nitakaa nisikilize.

msee_wa_ngong

Shangazi amesema ukweli manze. Hio ndio shida ya kila kitu kuwa "Africa inspired". Alafu watu wanasahau sisi wenyewe tulienda kule tukafanya yetu, hio hio 2012 ukumbi wa Globe pale London walikuwa na festivo ya tamthilia 37 kwa lugha 37, na Kenya ikapeleka Wanawake wa Heri wa Winsa kwa Kiswahili, tafsiri ya Joshua Ogutu. Hakukuwa na madikteta wala waganga, ni wamama wawili wanamfunza mzee mmoja mnene adabu. Watu walicheka hata wale hawajui Kiswahili.

mwana_jukwaa

@shangazi_wa_tanga shikamoo shangazi. Nakuelewa, na kwenye mganga nipo upande wako. Ila jina la nchi ndo sikubali. Ukisema Uganda ya Amin, mtazamaji wa Nairobi au Harare anapumua, anasema afadhali siyo sisi. Ukiacha bila jina kila mtu anajaza la kwake.

Na ndo inanipeleka kwa yule Trump.

Juni 2017, Central Park New York, kwenye uwanja wa Delacorte ambako tangu 1962 Shakespeare anachezwa bure majira ya joto. Dairekta Oskar Eustis. Kaizari wake, Gregg Henry, ana suti ya bluu, tai ndefu nyekundu, nywele unazozijua, na mkewe Calpurnia anaongea lafudhi ya Ulaya mashariki. Antony ni mwanamke, Elizabeth Marvel. Video za simu zikavuja, sini ya visu peke yake bila kilichokuja kabla wala baada, mitandao ikawaka. Delta Air Lines wakajitoa udhamini, Bank of America wakajitoa kwenye onyesho hilo. Tarehe 14 Juni mtu akawafyatulia risasi wabunge wa Republican wakiwa mazoezini kule Virginia, ndo moto ukazidi. Tarehe 16 mwanamke mmoja akapanda stejini katikati ya mchezo akipiga kelele, mwingine kwenye viti anarekodi na kuwatukana watazamaji. Wakatolewa, mchezo ukaendelea. Hata makampuni mengine ya Marekani yasiyohusika kabisa yakapata vitisho kisa tu yana jina la Shakespeare.

Kinachochekesha ni hiki. Eustis alikuwa ameficha waigizaji katikati ya watazamaji, ikifika mazishi wanainuka wanafoka kutoka kwenye viti, jirani yako uliyedhani katoka zake kazini anageuka umati. Halafu wakatokea wa kweli! Hawakujua kama wamefuata skripti.

Na Eustis alisema wazi kuwa tamthilia inaonya wale wanaotaka kulinda demokrasia kwa njia zisizo za kidemokrasia. Maana angalieni, wauaji wote wanakufa na jamhuri waliyotaka kuiokoa inakufa nao. Hapo yuko sahihi kabisa. Lakini kwenye lile vazi alijipiga mtama mwenyewe. Tai nyekundu ilikula kila kitu, hakuna aliyejadili Brutus, hakuna aliyejadili mazishi. Isitoshe mnajua 2012 kule Minneapolis ukumbi wa Guthrie ulipokea Juliasi Kaizari ambaye Kaizari wake alikuwa mweusi mrefu mwembamba, anafanana na Obama bila kuficha? Aliuawa vile vile kila jioni. Kelele za namna ile hazikuwepo, na Delta walikuwa wadhamini wa ukumbi huo.

mzalendo_halisi

Sasa hapo si umekubali hoja yangu? Wangemvalisha shuka lake yasingetokea yote hayo

mwana_jukwaa

Shuka halizuii kitu mkuu. Novemba 1864, pale pale New York, ndugu watatu wa familia ya Booth walicheza Juliasi Kaizari pamoja usiku mmoja, mavazi ya Kirumi kabisa, kuchangisha hela za sanamu la Shakespeare ndani ya Central Park. Mdogo wao aliyecheza Antony anaitwa John Wilkes Booth. Miezi mitano baadaye aliingia ukumbi wa Ford's kule Washington akampiga Lincoln risasi, akarukia stejini na kupiga kelele kwa Kilatini kwamba hivi ndivyo iwe kwa madhalimu siku zote. Baba yao alipewa jina la Junius Brutus, na yeye John alijiona Brutus mpaka kwenye daftari alilokuwa anaandika wakati wanamsaka, analalamika kwamba Brutus alipewa heshima kwa jambo hilo hilo na yeye anawindwa.

Niambie shuka lilisaidia nini.

mpigadebe

Duh. Hii ya Booth nilikuwa siijui kabisa, yaani Antony wa mwaka jana ndo Brutus wa mwaka huu

ticha_wa_lugha

Mleta uzi usisahau gereza, uliahidi kwenye kichwa cha habari.

mwana_jukwaa

Sijasahau ticha, nilikuwa naitunza maana ndo naipenda kuliko zote.

2012 tena, ukumbi wa Donmar London, dairekta Phyllida Lloyd. Waigizaji wote wanawake, na wanacheza wafungwa wa gereza la wanawake ambao wanaigiza Juliasi Kaizari. Harriet Walter ni Brutus, Frances Barber Kaizari, Jenny Jules Cassius, Cush Jumbo Antony. Hakuna mashuka wala sare za Nazi, ni nguo za kijivu za gerezani na vitu vilivyookotwa humo ndani. Askari jela wanaweza kukatisha mchezo muda wowote, na wanakatisha kweli. Walifanya kazi na Clean Break, kikundi cha maigizo cha wanawake waliowahi kupita magerezani, kwa hiyo haikuwa kuigiza umaskini.

Watu walisema aah, wanawake wote, fasheni tu. Lakini jiulize neno uhuru linasikikaje likipigiwa kelele na mtu ambaye saa mbili usiku mlango wake unafungwa kwa nje. Wakishamuua Kaizari wanafoka uhuru, uhuru, na wewe mtazamaji unajua hakuna hata mmoja anayetoka humo. Na kuhusu umati, umati wa gerezani hauhitaji kuelezwa, kuna mbabe wa bloku, kuna anayemwogopa, kuna anayehama upande kulingana na nani kashika sigara. Siasa yote ya Roma imeingia kwenye chumba kimoja.

Mwaka huo huo ndugu wa Taviani, Waitaliano, walishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Berlin, kwa filamu ya wafungwa wa kweli wa gereza la Rebibbia mjini Roma wakiigiza Juliasi Kaizari. Wafungwa halisi, wengine wa kesi za mafia, kila mmoja na Kiitaliano cha kwao. Kuna mahali mfungwa anasimama katikati ya mazoezi anashindwa kuendelea, maneno ya kuua rafiki yamemgusa pabaya. Hiyo hata dairekta hawezi kuipanga.

msee_wa_ngong

Wueh. Hio ya date ya Mandela imenikalia kwa akili. Desemba 1977. Mwezi huo huo, usiku wa kuamkia tarehe 31, ndio walimchukua mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o wakampeleka jela ya Kamĩtĩ. Na kesi yake ilikuwa umati literali, ni wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, wafanyakazi na wakulima, wakiigiza maisha yao kwa Kikuyu kwa uwanja wazi walijenga wenyewe. Serikali haikushtuka vile alikuwa anaandika riwaya kwa Kiingereza. Ilishtuka umati ulipopanda stage. Baadaye 1982 wakabomoa hio theatre yote.

So mwana_jukwaa point yako inasimama hata bila Shakespeare.

mwana_jukwaa

Msee hiyo ilikuwa inastahili uzi wake. Ufungue tafadhali, nitakuja.

Namalizia na hii ya London 2018, Bridge Theatre, Nicholas Hytner. Huyu aliondoa viti vya katikati kabisa. Ukikata tiketi ya kusimama, wewe ndo mwananchi wa Roma. Unaingia unakuta bendi ya roki inapiga, ni mkutano wa kampeni wa Kaizari, wanauza kofia nyekundu kama zile za Trump na bia, bendera zinapita juu ya vichwa vyenu. Majukwaa yanainuka kutoka sakafuni huku na huku, wahudumu wanawasukuma mpishe, mheshimiwa anapita. Ben Whishaw ni Brutus, mtu wa vitabu mwenye miwani, David Morrissey ni Antony, Cassius ni mwanamke, Michelle Fairley. Kaizari anauawa kwa bastola na mnapigiwa kelele laleni chini, na watu wanalala!

Hotuba ya mazishi ndo usiseme. Umesimama mita mbili kutoka kwa Antony, anakuangalia machoni, pembeni yako mtu anafoka wosia! tusomee wosia! na hujui ni mwigizaji au mlipa tiketi mwenzako, na baada ya muda na wewe unafoka. Mimi nimeona rekodi tu ya sinema, lakini kamera ikishuka kwenye nyuso za wale watu unaona wengine wanatabasamu. Wanatabasamu, mji unaenda kuchomwa. Hytner hakuhitaji kumpaka Kaizari wake rangi ya mtu yeyote, kofia zilitosha.

Kuna na Mbelgiji Ivo van Hove, 2007 aliunganisha tamthilia tatu za Kirumi za Shakespeare kwa karibu saa sita, watazamaji wanapanda stejini wanakaa kwenye makochi, wananunua vinywaji, wanaangalia siasa kwenye televisheni huku waigizaji wako pembeni yao. Vita hazionekani, ni taarifa tu zinapita kwenye skrini. Hiyo nayo ni namna ya umati, umati wa kochi.

shangazi_wa_tanga

Sasa umenifikisha ninapopataka. Kofia, fulana, bendi, wosia wa drakma 75. Mwanangu hayo ya London wanayaita ubunifu, sisi tunayaita mkutano wa kampeni wa kawaida. Ongeza khanga na pilau tu. Mtu akisimama na kusema marehemu alikuachieni kila mmoja kiasi fulani, nani atabaki anauliza kama alikuwa dikteta?

Na yule Cinna. Hakuna haja ya kumwelezea Mswahili sini ile. Mtu mmoja akipiga kelele "mwizi!" sokoni, watu wanatoka na mawe kabla hawajauliza jina. Na wakiuliza jina wakalisikia siyo, wanaendelea. Mimi niliwahi kuona watu wapole kabisa, majirani, wanakimbilia huko na mtoto begani.

mwana_jukwaa

Shangazi hiyo ndo staging yangu, umeiandika kabla yangu.

Maana fikirieni Mwalimu. Tafsiri yake ya kwanza imetoka 1963. Januari ya mwaka ule ule Olympio wa Togo kapigwa risasi na wanajeshi, rais wa kwanza wa Afrika huru kwenda hivyo. Januari 1964 jeshi letu wenyewe likaasi pale Dar na yeye mwenyewe ikabidi ajifiche. 1966 Nkrumah kapinduliwa. 1969 anaitoa tena tafsiri ile ile, kairekebisha. Mtawala aliye ikulu anakaa usiku anatafsiri jinsi mtawala anavyouawa na marafiki zake, halafu anarudi tena kuinoa. Sijui mkuu wa nchi mwingine aliyefanya hivyo. Na maandishi yenyewe yanatamkika, hajalazimisha vina, ni Kiswahili cha kusimama na kuhutubia, ambayo ndo kazi aliyokuwa anaijua kuliko watu wote.

Mimi ningeiweka uwanja wa wazi, Bagamoyo au Mnazi Mmoja. Hakuna wa kufanana na kiongozi yeyote. Kaizari ni sauti kwenye spika na picha kwenye khanga, anaonekana mara chache. Watazamaji wamesimama, wamepewa kofia mlangoni. Brutus anaongea kwa maiki inayokatakata kwa sababu hakuandaa vyombo, Antony anakuja na fundi wake. Na Cinna anatoka humo humo katikati ya watu, amekuwa na nyie tangu mwanzo anawauzia karanga na anawasomea mashairi kwa bei ya karanga, mmeshamzoea. Ikifika sini yake mtu mmoja tu anamnyooshea kidole.

ticha_wa_lugha

Hapo kwa Cinna nakupinga. Wakishamzoea watamtetea. Shakespeare kamfanya mpita njia makusudi, tunakutana naye dakika moja kabla ya kufa. Ukimpa karanga umegeuza kuwa huruma.

mwana_jukwaa

Wakimtetea ndo nataka nione, ticha. Usiku mmoja watamtetea, usiku mwingine hawatamtetea. Nina skripti mbili.

ticha_wa_lugha

Skripti ya pili hutaitumia hata siku moja. Nakupa mwezi.

mpigadebe

Samahani wakuu nimesoma mpaka mwisho, swali langu dogo tu. Huyo Antony alikuwa chama gani?

mwana_jukwaa

Mkuu usituletee kufungiwa uzi 😂

mpigadebe

Basi nipeni PDF ya Mwalimu

shangazi_wa_tanga

PDF hakuna, tafuta kitabu. Maktaba za shule za zamani zinazo, mara nyingi kimekaa nyuma ya atlasi.